Naomba ushauri: nitajuaje kama nukuu ni ya kubuni?

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa hili.

Nina mazoea ya kuchunguza visa vya ajabu vinavyosambazwa mitandaoni kabla sijawatumia wengine. Vingine ni rahisi. Eti Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka angani: Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda huko mwaka 2003, aliporudi alisema hakuuona. Kile cha wanajeshi wa Australia kupambana na emu, wale ndege wakubwa wasioruka, kwa bunduki za rashasha mwaka 1932 nilikicheka, kumbe ni cha kweli kabisa (na ukiniuliza mimi, emu ndio walioshinda).

Nimekwama kwenye nukuu. Kuna ile anayobandikwa Albert Einstein, kwamba nyuki wakitoweka binadamu atabakiwa na miaka minne tu ya kuishi. Nimeitafuta kwa maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu, nikachuja matokeo kwa tarehe. Naangukia kurasa zinazonakiliana tu. Hakuna inayotaja hotuba, barua wala kitabu. Picha naziweza, kwa sababu unaitafuta kwa picha yenyewe na kuona ilipowahi kutokea. Lakini nukuu hubadilika maneno kila inapotafsiriwa.

Mnatumia njia gani kufikia mahali nukuu ilipochapishwa kwa mara ya kwanza? Na isipopatikana kabisa kwenye maandishi ya mhusika, inatosha kuiita ya uongo, au niishie kusema haijathibitishwa?

Natanguliza shukrani.