MJADALA: Mwalimu mwenye ng'ombe, saa nne asubuhi yuko wapi?

Mzazi_Njoro
Nauliza bila chuki. Juzi nilipita shuleni kwa kijana wangu, huku upande wa Njoro, kulipa pesa ya chakula. Saa nne na kitu. Gredi ya saba wako peke yao, tarehe ya jana bado iko ubaoni, kiranja anaandika majina ya wanaopiga kelele. Naambiwa mwalimu wa sayansi "ametoka kidogo". Narudi nyumbani na boda, namwona huyo huyo langoni kwake, gambuti miguuni, anashusha nyasi za nepia za ng'ombe kwenye mkokoteni. Simtaji, na shule siitaji. Swali ni moja: mwalimu aruhusiwe kuendesha shamba la kila siku, ama TSC, tume inayoajiri walimu, imwambie achague? Maana naona tumebaki na wafugaji wanaofundisha wakipata nafasi.

Chaki_na_Jembe
"Wakipata nafasi"! Mzazi, hiyo umeandika ukiwa umekaa wapi? Mimi nafundisha Kiswahili na Dini huku Kakamega. Niko zizini saa kumi na moja alfajiri, saa moja na nusu niko shuleni, na insha za watoto wako nasahihisha usiku na koroboi stima ikipotea. Ng'ombe wangu ndiye aliyelipia masomo ya mdogo wangu. Umemwona mtu mmoja na nyasi, sasa sote ni wafugaji?

Mzazi_Njoro
Sijasema wote. Nimeuliza.

Chaki_na_Jembe
Umeuliza ukiwa na jibu mfukoni.

Mkongwe_wa_Lugari
Vijana, haya mambo ni ya zamani kuliko nyinyi. Kuna Tume ya Ndegwa, ripoti ya 1971. Ndiyo iliyowaruhusu watumishi wa umma kuwa na shamba na biashara zao wakiwa bado kazini. Watu walilalamika wakati huo kama mnavyolalamika leo. Mimi nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu, na nimelima mahindi Lugari miaka yote hiyo. Kupanda si shida, mvua ya Machi na likizo ya Aprili zinasaidiana. Shida ni palizi. Inaangukia Mei, shule zimefunguliwa, mahindi yamefika magotini yanataka mbolea ya CAN, na wewe una darasa la saa mbili. Hapo ndipo mwalimu huonekana ni wa aina gani. Wa maana anatafuta vibarua, anawapimia kipande, anaenda kazini. Mwingine anaanza kuumwa na tumbo kila Jumanne.

Wakili_wa_Mtaani
Mzee, Ndegwa alifutwa na Katiba ya 2010. Kifungu cha 77 kinasema wazi, huruhusiwi kazi nyingine ya malipo.

Karani_Mstaafu
Soma tena, wakili. 77 ni ya maafisa wa serikali kwa maana ya kikatiba: rais, wabunge, majaji, makamishna. Mwalimu ni mtumishi wa umma, hayumo. Na tangu lini ng'ombe wa mtu akawa ajira?

Wakili_wa_Mtaani
Roho ya sheria ni ile ile.

Karani_Mstaafu
Roho haiendi kortini.

Nyar_Ahero
Mimi ni mwalimu na sina hata kuku, kwa hivyo nitasema bila kujitetea. Shamba la mtu halinisumbui. Kinachonisumbua ni hawa wenzetu wanaoleta soko ndani ya chumba cha walimu. Unaingia asubuhi unakuta mitungi chini ya meza, trei za mayai juu ya rejista, sukuma imefungwa kwa karatasi ya mtihani. Mwisho wa mwezi mtu anazunguka na daftari la madeni kuliko anavyozunguka na vitabu vya watoto. Na hayo maziwa yenyewe, tuseme ukweli, yana maji. Unaweka vikombe viwili kwa sufuria na chai bado inakataa kugeuka rangi.

Chaki_na_Jembe
Yana MAJI? Mwalimu, chunga mdomo. Mimi nauzia wenzangu maziwa kila siku na hakuna aliyewahi kunirudishia hata kikombe.

Nyar_Ahero
Nimesema kwetu. Kwani uko kwetu? Mbona umeruka?

Chaki_na_Jembe
Nimeruka kwa sababu hiyo ni tusi kwa kila mtu anayekamua. Unajua maziwa ya alfajiri huwa mepesi? Ng'ombe akikaa usiku kucha bila kukamuliwa, mafuta huwa kidogo kuliko ya jioni. Ukimwuliza mtu wa mifugo atakwambia.

Dereva_wa_Molo
Kila mwenye maji ana sayansi yake 😂

Mpimaji_wa_Maziwa
Nafanya kazi kwa kituo cha kukusanya maziwa, wacheni niingilie. Mwalimu wa Kakamega hajasema uongo kuhusu mafuta. Lakini maji na mafuta ni vitu viwili. Kipimo chetu ni laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa mazuri husoma kati ya 28 na 32 hivi. Ukitia maji, inazama, unaona 25, 24, hapo hatuulizi maswali, mtungi unarudi na pikipiki iliyouleta. Ila kuna jambo moja watu hawajui: maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe sasa hivi, bado na joto na povu, husoma chini hata kama ni safi. Lazima yapoe kwanza, uyakoroge polepole, usubiri povu liishe. Nimeona mama akilia getini kwa sababu kijana mgeni alipima yakiwa moto akamwita mwizi mbele ya foleni.

Nyar_Ahero
Asante, lakini mimi sipimi chai kwa laktomita.

Chaki_na_Jembe
Ungepima usingeandika uliyoandika. Na aina ya ng'ombe je? Maziwa ya Friesian si ya Jersey. Huyo mwenzako labda ana Friesian. Wewe ulizoea ya ng'ombe wa kienyeji, mazito.

Nyar_Ahero
Sasa nimekuwa mshamba. Haya.

Dereva_wa_Molo
Mwalimu wa Kiswahili anajitetea kama mshtakiwa. Ndugu, hakuna aliyetaja mtungi wako.

Mzazi_Njoro
Jamani, swali langu lilikuwa la watoto.

Mama_Zizi
Nimesoma kutoka juu mpaka hapa nikingoja mtu mmoja aulize nani anakamua. Hakuna. "Niko zizini saa kumi na moja." Labda wewe Chaki uko, Mungu akubariki. Mimi nimeolewa na mwalimu. Saa kumi na moja yeye anatafuta soksi. Ninayeosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu ni mimi, ninayekamua ile michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia vibonge ni mimi, na ng'ombe akipata ugonjwa wa matiti, anayetupa maziwa mpaka siku za dawa ziishe na kusikia "mbona leo kidogo" ni mimi. Lakini mkopo wa sako, chama cha akiba, ulitoka kwa pesilipu yake, kwa hivyo ng'ombe ni wake. Pesa ya maziwa inaingia kwa simu yake. Na mtaa mzima unaita "kwa mwalimu". Mnabishana kama mwalimu anaweza kazi mbili. Anaweza, kama moja inafanywa na mtu mwingine.

Dereva_wa_Molo
Mama, hiyo peleka kwa wazee wa kanisa, hapa tunajadili elimu.

Mama_Zizi
Mlikuwa mnajadili chai.

Binti_wa_Mwalimu
😂😂 Amemaliza. Na waongeze watoto wa mwalimu kwa orodha. Sisi tulienda shule tukinuka mavi ya ng'ombe, halafu baba huyo huyo anatukagua kucha kwenye gwaride.

Chaki_na_Jembe
Mama, nakuheshimu, lakini usitupake wote. Mke wangu pia ni mwalimu, tunapokezana.

Mama_Zizi
Sijakutaja, mwalimu. Unapenda sana kujibu barua za wenyewe.

Mkulima_Kamili
Mimi ni mkulima wa Subukia, sina mshahara mahali popote, kwa hivyo nitasema ambacho walimu hawapendi. Ng'ombe hataki mtu wa asubuhi na jioni tu. Akiwa na joto la kutaka dume, dalili zake ni za saa chache: anapanda wenzake, anasimama akipandwa, ute unaning'inia, maziwa yanashuka. Ukimwona asubuhi unaita daktari ampandishe jioni. Ukimwona jioni, ni kesho asubuhi. Sasa mwalimu yuko darasani anafundisha hesabu za sehemu, ng'ombe anapiga kelele peke yake zizini, na yule kijana wa kazi anafikiri ana njaa anamwongezea nyasi. Umekosa. Unangoja siku 21 nyingine, unalisha tu. Ukikosa mara tatu umemlisha miezi miwili bure. Ndiyo maana ng'ombe wa walimu huzaa wakati wanapenda.

Na la pili. Nyinyi ndio mmeharibu soko. Mwalimu ananunua mtamba kwa mkopo wa mshahara bila kubishania bei, mwenye mtamba anazoea, mimi nikienda kesho naambiwa bei ya mwalimu. Kisha maziwa mnayauza bei ya chini kwa jirani kwa sababu chakula cha nyumbani kinatoka kwa TSC. Mimi chakula cha nyumbani kinatoka kwa hayo maziwa.

Karani_Mstaafu
Hili ndilo neno la maana la kwanza kwa huu uzi.

Chaki_na_Jembe
Bila kubishania bei? Ndugu, tunakatwa mpaka tunabaki na ile theluthi ya mshahara ambayo sheria inakataza iguswe. Huo mkopo tunalipa ng'ombe akiwa hai au amekufa. Wewe ng'ombe akikufa umepoteza ng'ombe. Mimi nampoteza na bado namlipia miaka mitatu.

Mkulima_Kamili
Pole. Lakini bei ya mtamba bado iko juu.

Mzazi_Njoro
Nirudi kwa swali. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ni saa mbili hadi saa tisa na nusu, kisha michezo hadi kama saa kumi na moja kasorobo. Hapo hapana pengo la kukata nepia. Kama mwalimu ana kijana wa shamba au mke kama Mama Zizi, sawa. Asipokuwa naye?

Mama_Zizi
"Mke kama Mama Zizi" si kifaa cha shambani, mzazi.

Mzazi_Njoro
Samahani mama, si hivyo nilimaanisha.

Mkongwe_wa_Lugari
Mzazi, nikuulize kitu. Huyo mwalimu wako nyumba yake iko umbali wa kutembea, sivyo? Ndiyo maana umemwona. Mnakumbuka 2018, ile sera ya kuwahamisha walimu, hasa walimu wakuu, mbali na kwao? Sababu mojawapo ilikuwa hii hii, kwamba mtu akiwa karibu na boma lake atakuwa anatoroka. Wakapelekwa watu wa Vihiga hadi sijui wapi. Nyumba zikavunjika, wazee wakabaki peke yao, mashamba yakakodishwa kwa bei ya kutupa. Mpaka 2023 wengi wakaanza kuruhusiwa kurudi. Je, watoto walipata alama zaidi katikati ya hayo?

Nyar_Ahero
Mzee, hapo umenigusa. Mimi ni wa Ahero nafundisha mbali na Ahero, na ndiyo sababu sina kuku. Ningekuwa karibu, mchele wa nyumbani ningekuwa nimelima mwenyewe. Kwa hivyo nisikilizeni: mwalimu wa mbali pia hayuko darasani Ijumaa mchana. Yuko kwa stejini anatafuta gari.

Dereva_wa_Molo
Ukweli. Ijumaa saa saba nabeba walimu watupu. Nawajua kwa mifuko.

Wakili_wa_Mtaani
Basi swali si shamba, ni uhamisho. Mwalimu afundishe kwao.

Mzazi_Njoro
Huyu wangu anafundisha kwao!!

Binti_wa_Mwalimu
Na wale waliopalilia shamba la mwalimu mko wapi? Sisi Ijumaa mchana ilikuwa "kilimo". Tunafika, kilimo ni mahindi ya naibu wa mwalimu mkuu. Mkimaliza mistari mnapewa miwa.

Mkongwe_wa_Lugari
Binti, wakati wetu kulikuwa na 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto walijifunza kazi. Zikafa, zikarudishwa 2021. Si kila jembe ni utumwa.

Binti_wa_Mwalimu
Mzee, shamba la 4-K mavuno ni ya shule. Hayo ya naibu tuliona yakipakiwa usiku. Na usiyemaliza mstari alichapwa, na viboko vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 2001. Leo kuna Sheria ya Watoto ya 2022, ajaribu aone.

Mkongwe_wa_Lugari
Miwa mlikula lakini.

Binti_wa_Mwalimu
Mzee!!! 😂

Mkulima_Kamili
Mwalimu wa Kakamega, bado uko? Hiyo nepia yako imepata ule ugonjwa wa kudumaa? Majani yanakuwa ya manjano na mafupi, unakata hupati kitu. Nimesikia Magharibi umeshika.

Chaki_na_Jembe
Upande mmoja wa shamba, ndiyo. Nimeng'oa mashina yote yenye dalili, sasa napanda nyasi ya brakiaria hapo. Kata na panga safi, usitoke na panga la shamba gonjwa uingie kwa lile zima. Na vipandikizi usichukue kwa jirani bila kuangalia shamba lake.

Mkulima_Kamili
Brakiaria inashikilia kiangazi?

Chaki_na_Jembe
Kuliko nepia. Na wanaila mpaka shina.

Nyar_Ahero
Wakati mnaongea nyasi, kuna mtu hapa ni mwenzangu wa kazi na amejificha kwa jina lingine. Amenitumia ujumbe sasa hivi ati nilipe maziwa ya mwezi uliopita kabla ya kuyatukana.

Dereva_wa_Molo
🤣🤣🤣 Nani huyo ajitokeze.

Mpimaji_wa_Maziwa
Mwalimu, lipa kwanza. Halafu kesho chukua kikombe, acha yapoe, nitakuelekeza namna ya kupima.

Nyar_Ahero
Nitalipa nusu. Nusu nyingine ilikuwa maji.