Nani anatupangia tuugue nini?

Wandugu, hili limenikaa kooni tangu 2019, leo nalitoa.

Mwaka ule wa Ebola dada yangu alimpeleka mwanawe kituo cha afya hapa Goma. Ni surua: macho yameshikamana kwa tongo, mdomo wote vidonda. Getini ndoo za klorini zimepangwa, vijana wawili wanapima joto kwenye paji la uso, uani magari mawili mapya ya jeep. Ndani hakuna hata kidonge kimoja cha vitamini A! Muuguzi machozi yanamlengalenga: "Mama, vyote unavyoviona ni vya Ebola. Nikigusa nitaulizwa." Mtoto alipona. Jicho la kushoto halioni mpaka leo.

Ebola ile iliua watu 2,287 hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2020. Surua iliua zaidi ya 6,000 nchini kwa mwaka 2019 peke yake, wengi wao watoto. Msinielewe vibaya, Ebola ilibidi ipigwe vita. Lakini nani aliyeamua kwamba ile ina magari ya jeep na hii haina kidonge?

Nimesoma, nikazidi kukasirika. OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, mwaka ule wa 2019 ilikuwa na nchi 194, kila moja kura yake, zinakutana Geneva kila Mei. Vizuri. Ila michango ya lazima ya nchi hizo haikuwa inafika hata moja ya tano ya bajeti. Iliyobaki ni hiari ya serikali tajiri na mifuko kama ule wa tajiri Bill Gates, na nyingi huja imeshaandikwa jina la ugonjwa: hii ya polio, hii ya kile. Hapo kura ya Kongo ina kazi gani? Mwaka 2022 walikubaliana michango ya lazima ifike nusu ya bajeti ya msingi, polepole, hadi 2030-31. Januari 2025 Trump akasaini Marekani itoke, na bajeti ikakatwa. Saini ya mtu mmoja!

Na wakubwa wetu wasijifiche nyuma ya wazungu. Abuja, 2001, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Iko wapi?

Humu wamo waliokaa kwenye vikao vya kugawa pesa hizo hapa Goma. Semeni: kuna siku muuguzi wa kituo aliitwa akaulizwa anakosa nini?