Kichwa cha treni ya mvuke hapa Dodoma kinaozeshwa kwa rangi, nani anasimamia?

Wakuu,

Wamekipaka tena! Kila ugeni ukikaribia zinashushwa ndoo za rangi nyeusi, na kichwa kinapakwa juu ya kutu, juu ya vumbi, juu ya grisi iliyoganda. Brashi ya waya hakuna, msasa hakuna, praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) hakuna. Unyevu unabaki chini, kutu inavimba, na mvua za Desemba zikianza rangi inabanduka magamba kwa magamba.

Na hapo ni nje tu. Fungueni ule mlango wa duara mbele, chini ya dohani. Dohani haina kifuniko, mvua yote inaishia humo ndani kwenye masizi ambayo hayajawahi kukombwa. Vichwa vingi vya EAR (Reli za Afrika Mashariki) vilichoma mafuta mazito. Masizi yake yana salfa, yakilowa yanatoa asidi, na asidi inatoboa bati la chini. Komba masizi yote, kausha, paka mafuta ya kuzuia kutu, kisha funika dohani kwa bati lenye ukingo, ukiacha upenyo wa hewa. Tenki la maji nalo lifunguliwe plagi ya chini lisituamishe maji. Kazi hiyo ni nafuu kuliko rangi mnayonunua kila mara.

Linalonikera zaidi: fundi kakata bati la kufunika boila kwa grainda apitishe waya za taa, watoto wamesimama pembeni! Chini ya mabati yale, kwa vichwa vya zama hizo, mara nyingi kuna asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kuzuia joto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Hapaguswi mpaka wataalamu wapime. Ikithibitika, eneo lifungwe, itolewe ikiwa imeloweshwa na ifungwe kwenye mifuko maalumu.

Bango linasema ni "treni ya Mjerumani". Reli ilifika Dodoma 1910, sawa, lakini herufi za ubavuni ni EAR&H (Reli na Bandari za Afrika Mashariki), shirika lililoanzishwa 1948. Kibao cha kiwanda, kinachotaja mtengenezaji na mwaka, mmekizika chini ya rangi. Kisafisheni kwa dawa ya kutoa rangi, si kwa msasa, halafu ndiyo muandike bango.

Zege lililomwagwa hadi usawa wa reli livunjwe, magurudumu yanakaa dimbwini. Wekeni kokoto na mataruma ya chuma. Ya mbao mchwa wa hapa watayamaliza.

Anayejua nani anasaini malipo ya hiyo rangi aweke hapa.