Runinga zikatazwe kujumlisha kura za urais? Mimi nasema zihesabu mpaka fomu ya mwisho

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na ubishi wa 2022 umeshafufuka. Hoja ninayoisikia sana Nairobi siku hizi, ndani ya matatu na hata pale Jeevanjee wanakokaa watu kubishana siasa mchana kutwa, ni kwamba stesheni za runinga zizuiwe kabisa kujumlisha kura za urais. Tume ya uchaguzi, IEBC, ndiyo iseme; wengine wote wanyamaze wasubiri. Wanaosema hivyo si wajinga wala si vibaraka wa mtu. Wengi wao waliishi hapa mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na hawataki kuuona mwaka ule tena.

Mimi napinga, na ninaleta hoja yangu hapa ichambuliwe. Kosa la runinga 2022 halikuwa kuhesabu. Lilikuwa kuacha kuhesabu njiani.

Nikumbushe mambo yalivyokuwa. Tulipiga kura Jumanne, tarehe 9 Agosti. Vituo vilikuwa 46,229. Kila kituo kilipomaliza kuhesabu, msimamizi alijaza fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, mawakala wa wagombea wakatia sahihi, fomu ikapigwa picha kwa KIEMS, kile kifaa cha kielektroniki cha tume, na kutumwa, kisha nakala ikabandikwa mlangoni. Tume ikaziweka picha hizo kwenye tovuti yake, mtu yeyote azifungue. Kitu kimoja haikuweka: jumla ya taifa inayosonga. Ukitaka kujua nani yuko wapi, jumlisha mwenyewe.

Basi kila chumba cha habari kikakusanya vijana na kompyuta, wakaanza kufungua fomu moja moja na kuingiza namba kwa mkono. Hawa wakaanzia eneo hili, wale wakaanzia lile. Usiku ukaingia, na kwa saa ile ile kati ya wagombea wawili wakuu, stesheni moja ilikuwa na Raila Odinga mbele na nyingine ina William Ruto mbele. Ukibadilisha stesheni, umebadilisha rais.

Mimi nilikuwa mtaa wa Umoja, kwenye kibanda cha kuonyesha mpira. Mwenye kibanda ana runinga mbili za ukutani, kwa ajili ya wikendi zenye mechi mbili kwa wakati mmoja. Usiku huo aliweka stesheni mbili tofauti, nadhani bila kukusudia ubaya. Ndani ya nusu saa watu walikuwa wamejigawa, viti vimegeuzwa, kila upande ukitazama runinga iliyompa mtu wake uongozi na kuwacheka wa upande wa pili. Kelele zikaanza kuwa za aina nyingine, ile ya watu kutajana kwa makabila.

Kilichotuliza hakikuwa tangazo lolote. Mama mmoja mwenye kibanda cha mitumba Gikomba alikuwa amepiga picha ya fomu iliyobandikwa kwenye mlango wa darasa alikopigia kura. Akafungua tovuti ya tume kwenye simu yake, akashuka kaunti, eneo bunge, wadi, shule, mpaka akakipata kituo chake. Akaweka picha mbili kando kwa kando: kura za wagombea wote wanne, zilizoharibika, sahihi za mawakala, hata muhuri uliopigwa upande. "Yangu iko sawa," akasema. "Na nyinyi tafuteni zenu." Basi wakatafuta. Waliokuwa wakirushiana maneno wakawa wanaazimana simu na kuulizana jina la shule. (Bando za watu ziliisha usiku ule, na sikusikia mtu akilalamika.)

Kwa hiyo mtu anaponiambia namba mikononi mwa wananchi zinaleta fujo, namuuliza: namba gani? Namba unayoweza kuifuata hadi mlango wa darasa, au namba iliyotokea hewani tu?

Tazama historia yetu. Mwaka 2007 Raila alitangulia kwa muda mrefu, pengo likawa linapungua, halafu jioni ya tarehe 30 Desemba Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya wakati huo, akamtangaza Rais Mwai Kibaki mshindi ndani ya chumba pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, KBC, stesheni ya serikali, pekee ikirusha. Muda mfupi baadaye Kibaki akaapishwa Ikulu giza likiingia. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na wapatao 600,000 wakahama makwao. Wanaotaka runinga zinyamaze huutaja mwaka huo kila mara, eti watu walizoea kumwona mtu mbele wakakataa kumwona nyuma. Sawa, hilo lilikuwepo. Lakini usiku ule tulinyamazishwa hasa! Marufuku wanayoidai sasa tuliipata, na haikumwokoa mtu.

2013 sitakaa sana. Skrini za Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za taifa, zilionyesha mamia ya maelfu ya kura zilizoharibika, kumbe programu ilikuwa inazizidisha mara nane, na tume ikarudi kwenye hesabu ya mkono.

2017 ndiyo inayonifundisha zaidi. Mwaka huo tume yenyewe ilirusha jumla inayosonga tangu usiku wa kwanza, Uhuru Kenyatta asilimia 54 na Raila 44, saa baada ya saa, karibu bila kutikisika. Namba zilikuwa za kumwaga. Fomu za kuzithibitisha ndizo hazikuonekana. Mtaani watu wakawa wanaimba "fungua seva", na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ikaufuta uchaguzi wa urais, majaji 4 kwa 2. Mahakama ilikuwa imeamuru seva zifunguliwe na tume haikutii ipasavyo.

Yaani 2017 tulipewa namba bila karatasi, na 2022 tukapewa karatasi bila namba. Kati ya hayo mawili, mimi nachukua karatasi kila siku. Ila karatasi 46,229 hakuna mpiga kura wa Kawangware atakayezijumlisha peke yake. Lazima mtu mwingine amfanyie, na huyo mtu asiwe mmoja.

Sasa njoo kwenye hesabu. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, marehemu Raila Odinga kwa 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Gawanya kwa vituo, unapata kama kura tano kwa kila kituo. Na kwa sababu Katiba inataka mshindi avuke nusu ya kura zote, Ruto aliponea duru ya pili kwa kura kama 70,000, ambayo ni kura moja na nusu hivi kwa kituo. Katika kinyang'anyiro cha namna hiyo, aliyejumlisha asilimia 80 ya fomu bado hajui mshindi. Akiacha hapo, mgombea aliyekuwa juu kwenye skrini yake anabaki juu milele kichwani mwa mtazamaji.

Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia Alhamisi na Ijumaa namba kwenye runinga zilipunguza mwendo, kisha zikasimama. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: uchovu, hofu ya kudukuliwa, nia ya kuoanisha takwimu za stesheni mbalimbali. Huenda zote ni za kweli. Mtaani tafsiri ilikuwa moja tu, "wamepigiwa simu", na hakuna mhariri aliyekaa mbele ya kamera akaeleza vya kutosha ili tafsiri hiyo ife. Siku za mwisho kabla ya tangazo, ambazo ndizo zilihitaji hesabu kuliko zote, tuliachiwa WhatsApp.

Kuna wanaoleta sheria: mwenyekiti wa tume pekee ndiye hutangaza rais, ndani ya siku saba. Ni kweli, Kifungu cha 138 kinasema hivyo, na hakuna anayedai mtangazaji wa runinga amtangaze rais. Lakini kujumlisha namba zilizokwisha tangazwa si kutangaza. Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilisema matokeo ya urais yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho. Nairobi haiwezi kuyabadilisha. Kama namba haiwezi kubadilika Bomas, kwa nini iwe siri nje ya Bomas? Katiba hiyo hiyo, kwenye Kifungu cha 34 na cha 35, inalinda vyombo vya habari na haki ya mwananchi kupata habari.

Hoja iliyo na uzito zaidi kwangu ni ya wanaotaka runinga zote zifanye jumla moja ya pamoja. Inavutia, maana inaondoa ule ujinga wa marais wawili kwenye kibanda kimoja. Bado siikubali. Jumla moja ikikosea, utaikagua kwa kutumia nini? Stesheni nne zikianza sehemu nne tofauti na kuishia namba ile ile, huo ni ushahidi ambao hakuna taarifa ya tume inayoweza kuushinda. Ndiyo maana inaniuma kwamba hawakumaliza. Jumatatu tarehe 15, mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati alipokuwa anamtangaza Ruto kule Bomas baada ya viti kurushwa jukwaani, makamishna wanne kati ya saba wa tume walikuwa hoteli ya Serena wakisema hawayatambui matokeo. Fikiria mpiga kura wa kawaida jioni ile: nusu ya tume inasema hivi, nusu inasema vile. Runinga zingekuwa zimemaliza hesabu zao, angekuwa na mahali pa tatu pa kutazama. Hakuwa napo. Kibera matairi yakachomwa usiku huo.

Karatasi ndizo zilizotuvusha hatimaye. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu za kwenye tovuti zililinganishwa na zile halisi zilizopelekwa Bomas, na majaji hawakuona tofauti ya maana. Tarehe 5 Septemba wakaidhinisha matokeo kwa kauli moja. Waliobishana na uamuzi huo wapo, na haki yao. Ila walibishana wakiwa na kitu cha kushika.

Nakubali runinga zilitukosea kwa namna nyingine pia. Fomu asilimia 5 zimeingia, zote za ngome moja, na mtangazaji anasema fulani "anaongoza" kwa sauti ya mtu anayetangaza bao. Hilo likomeshwe. Skrini isionyeshe asilimia pekee. Ionyeshe ni maeneo bunge gani kati ya 290 yamehesabiwa, yapi bado, na wapiga kura waliosajiliwa huko waliobaki ni wangapi. Mtazamaji wa Nairobi si mtoto. Mwambie "Kakamega bado, nusu ya Kiambu bado" na atajua mwenyewe kwamba uongozi wa sasa ni wa kupita. Anajua siasa za maeneo hayo kuliko mtangazaji. Na wakitaka kupumzika, wapokezane zamu. Mahindi ya kuchoma tunauziwa usiku kucha; hesabu ya rais inashindwaje na usingizi?

Sasa nawaachia uwanja. Waliokuwa wakiingiza namba kwenye vyumba vya habari 2022: mliacha mkiwa mmefikia fomu ngapi, na nani aliwaambia mwache? Waliokuwa mawakala: je, fomu uliyotia sahihi uliiona tovutini ikiwa vilevile, au kuna aliyeona tofauti? Na wewe unayetaka marufuku, naomba jibu la swali moja tu. Kati ya Jumanne usiku na Jumatatu jioni ni siku sita. Watu wa Mathare na Kibera, kwa siku hizo zote sita, ungependa wawe wanatazama nini?