Man U tumefungwa mechi ya kwanza na Arsenal, ni mimi tu ninayeona mwanga?

Kijana wa Temeke
Wadau habari za usiku. Natoka banda umiza sasa hivi, leo Agosti 17, 2025, Arsenal wametupiga 1-0 pale pale Old Trafford, bao la Calafiori dakika ya 13, kona ya Rice, kipa wetu Bayindir akabanwa na beki wao Saliba akaupangua vibaya mpira ukamkuta jamaa mlangoni kabisa. Roho imeuma sana. Ila naomba niulize, hivi ni mimi tu niliyeona timu tofauti na ile ya msimu uliopita? Tumepiga mashuti 22, wao 9, tena dhidi ya timu iliyomaliza ya pili. Cunha akipata mpira anawaendea mabeki, Mbeumo anasumbua muda wote, Dorgu kagonga mwamba, kipa wao Raya kawaokoa wenzake. Kuna sababu ya kuwa na matumaini au ni mapenzi yananipofusha? Naombeni majibu ya kweli.

Dada wa Nyali
Hauko peke yako kaka. Mwaka jana tulianza na ushindi, Agosti 16, 2024, tukaifunga Fulham 1-0, Zirkzee katoka benchi kafunga dakika ya 87, tukalala na furaha, na mwisho wa msimu tulikuwa wapi? Nafasi ya 15, pointi 42. Kwa hivyo mimi sitishwi na mechi ya kwanza. City 2021 walianza kwa kupigwa 1-0 na Spurs, bao la Son, wakaishia kubeba ligi na pointi 93. Na sisi wenyewe 1995 Aston Villa walitufunga 3-1, mchambuzi Hansen akasema kwenye TV kwamba huwezi kushinda kitu na watoto, wale watoto wakachukua ligi na FA Cup.

Mzee wa Kahama
Wanangu, mashuti 22 na bao sifuri, hapo ndipo penye ugonjwa. Msimu uliopita tulifunga mabao 44 tu mechi 38, kwa hiyo kutengeneza nafasi halafu kukosa si jambo geni kwetu. Hiyo ya 1995 ilikuwa na Cantona anarudi toka adhabu na Ferguson kwenye benchi, tusifananishe haraka. Kinachonipa moyo mimi ni waliosajiliwa, Mbeumo kafunga 20 kwenye ligi akiwa Brentford, Cunha 15 akiwa Wolves, hao si watu wa kubahatisha, na Sesko leo kaingia tu kipindi cha pili hajazoeana na wenzake. Halafu kitu ambacho hamjakisema, mwaka huu hatuchezi Ulaya. Inauma kwa klabu kama yetu lakini kocha wetu Amorim atakuwa na wiki nzima mazoezini, na mfumo wake wa mabeki watatu unataka muda huo. Kona ndiyo inanitia hofu, dunia nzima inajua Arsenal ya Jover, kocha wao wa kona na frikiki, wanamzingira kipa, na bado tumefungwa hivyo hivyo.

Gunner wa Bujumbura
Mimi ni wa Arsenal ila nitasema ukweli, leo mlitubana, dakika za mwisho nilikuwa nimesimama. Sisi 2021 tulianza kwa kufungwa na Brentford 2-0, timu imepanda daraja juzi tu, halafu Chelsea 2-0, halafu City 5-0. Mechi tatu hatuna pointi hatuna bao tunashika mkia, watu wanataka kocha Arteta afukuzwe. Tulimaliza wa 5. Ila Brentford walistahili kutufunga siku ile, sisi hatukucheza kama nyinyi mlivyocheza leo.

Kijana wa Temeke
Asanteni sana, na wewe wa Bujumbura asante ndugu. Mzee hilo la Ulaya sikuliwaza kabisa na kweli naona lina uzito kuliko hata mashuti. Jumapili ijayo tuko Craven Cottage kwa Fulham, kona ya kwanza tu watakayopata nitamwangalia kipa wetu na nani amesimama mbele yake.