Tunahamia Mombasa kutoka Nakuru: mtoto aanzie PP1 ng'ambo gani?

Mama Salma
Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Mume wangu amehamishiwa kazi Kilindini, nasi tutamfuata Disemba. Binti yetu anatimiza miaka minne, kwa hiyo Januari ataingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Nyumba tuliyopata kwa kodi nafuu iko Likoni, lakini chekechea inayosifiwa na kila mtu iko kisiwani, Ganjoni, ng'ambo ya feri. Baba yake huondoka alfajiri, nami nitakuwa nyumbani na kichanga. Nimpeleke huko kunakosifiwa au nitafute karibu? Ningependa pia asome Kurani bila kwenda chuo jioni akiwa amechoka. Wasiwasi umenijaa, maana ndiyo mara yake ya kwanza kukaa na watu wengine.

Mwana wa Likoni
Waaleikum salaam dada, karibu pwani. Mtoto wa miaka minne usimvushe feri kila siku. Mwenda kwa miguu halipi, ni kweli, lakini asubuhi watu ni wengi na wote wana haraka, na feri moja ikiharibika kila kitu husimama, basi la shule likiwemo. Akishikwa na homa saa nne utamfikiaje na kichanga mgongoni? Tafuta mahali unapofika kwa miguu.

Bi Rukia
Nimefundisha wadogo hawa miaka mingi, naomba unisikilize mwanangu. Mtaala wa PP1 na PP2 ni ule ule nchi nzima, kwa hiyo Ganjoni hawana kitabu ambacho Likoni hakipo. Kinachotofautiana ni mwalimu na mahali penyewe. Nenda saa nne asubuhi, watoto wakiwa darasani. Ukiwakuta wamekaa kimya wananakili herufi tangu walipoingia, ondoka. Umri huu hujifunza kwa kucheza, kuimba na kushikashika vitu. Tazama paa. Januari hadi Machi joto letu ni kali, na chumba cha mabati matupu kisicho na dirisha la kupitisha upepo humchosha mtoto kabla ya uji. Ingia chooni mwenyewe, uone kama mtoto wa kimo chake anaweza kukitumia bila kuogopa. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, kwa sababu visima vingi huku vina chumvi. Na umuulize mwalimu, kwa adabu, amesomea wapi malezi ya watoto wadogo. Aliyesoma hujibu kwa furaha.

Kuhusu Kurani, usihangaike. Chekechea zinazounganisha masomo na dini zipo. Mpango wa madrasa wa Aga Khan Foundation ulianzia hapa hapa Mombasa miaka ya 1980.

Baba Wawili
Nakubaliana na Bi Rukia, ila msizisahau za kaunti. Tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, na nyingi zimo ndani ya shule za msingi za serikali. Watu huzidharau bila kuingia. Wangu wote wawili walianzia huko na wanasoma vizuri. Ubaya wake ni darasa kujaa, hapo sikufichi. Beba cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki cha chanjo. Shule ya umma ikikuambia mtoto afanye mtihani ndipo akubaliwe, kataa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haiwaruhusu.

Mama Salma
Mungu awalipe kheri. Basi Ganjoni nimeiacha. Baba Salma atatangulia katikati ya Novemba, nitamtuma azione mbili tatu za Likoni.

Bi Rukia
Novemba atakuta milango imefungwa, mwanangu. Muhula wa tatu huisha mwishoni mwa Oktoba. Kama anaweza kupata ruhusa ya siku moja, aje kabla ya hapo, siku ya kazi, awaone watoto na mwalimu wao.

Mama Salma
Sikulijua hilo. Nampigia sasa hivi aombe ruhusa.