Dar–Mwanza na mgonjwa wa goti: ndege, basi, au treni hadi Dodoma?

Kitindamimba (mleta mada)
Wakuu, salaam. Mwezi ujao namrudisha mama nyumbani Sengerema. Alifanyiwa upasuaji wa goti huku Dar, na akikaa muda mrefu linavimba. Naona kwa ndege Dar–Mwanza ni kama kilomita 850, lakini kwa barabara ni zaidi ya 1,100. Mbona tofauti kubwa hivyo? Na tukihesabu tangu tunafunga mlango Kimara, ndege inaokoa muda kiasi gani?

Dereva Mstaafu
Ndege inakatiza moja kwa moja, inapita maeneo ya Kondoa. Sisi wa chini tunazunguka Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, ndipo Mwanza. Basi ni saa 16 hadi 18, bado foleni na mizani. Nimeendesha njia hiyo miaka mingi: mama mwenye goti bichi usimpandishe basi, mwanangu.

Wa Kipawa
Angalia aina ya ndege kabla ya kulipa. Jeti inatumia saa 1 na dakika 20 hadi 30. Pangaboi ni polepole: Dash 8 inakwenda kama kilomita 650 kwa saa, ATR kama 500, kwa hiyo unaweza kukaribia saa mbili. Hakikisha pia haitui Kilimanjaro au Dodoma njiani, maana hapo hesabu yote inavurugika. Ongeza foleni ya kutoka Kimara, kuwahi uwanjani saa mbili kabla, kusubiri mizigo. Mimi huhesabu saa tano hadi sita mpaka natoka nje ya uwanja wa Mwanza.

Binti Mgogo
Niitetee treni ya SGR kidogo. Dar–Dodoma ni kama saa tatu na nusu, haitikisi, na mama anaweza kusimama akanyoosha mguu. Tatizo ni kwamba Dodoma–Mwanza bado zinabaki kama kilomita 700 za basi. Kwa mtu mzima wa afya ningesema panda. Kwa mama, hapana.

Nesi wa Bugando
Mleta mada, kabla ya tiketi muulize daktari aliyempasua kama muda wa kusafiri umefika. Mguu uliopasuliwa ukikaa umekunjwa muda mrefu, damu inaweza kuganda, hata ndani ya ndege. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, usisubiri siku ya safari. Na akae kando ya njia, ainuke atembee kidogo.

Msengerema
Huku mwisho msihofu. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, njia ya kutoka Mwanza kuja Sengerema, linapitika, kilomita tatu na ushee juu ya ziwa. Kusubiri kivuko kumekwisha.

Kitindamimba (mleta mada)
Asanteni sana wakuu. Dereva, shikamoo, nimekusikia mzee wangu. Kesho nampigia daktari. Akiruhusu, nachukua jeti ya asubuhi isiyotua njiani. Goti ni la kulia, kwa hiyo nitaomba kiti cha safu ya kushoto kando ya njia, apate pa kulinyoosha.